Mikono ya Shangazi Haikai Kwenye Picha

Naanza na kosa langu mwenyewe, kabla mtu mwingine hajaniwahi kulitaja. Mdomo wangu ndio ulionitangulia kule kijijini. Kamera ilifuata baadaye, na ilifika ikiwa mgonjwa.

Shangazi yangu, dada yake baba, anaishi upande wa Chamwino, na ndiye anayeongoza kikundi cha akina mama kumi na wawili wanaopiga muheme. Muheme, kwa asiyeujua, ni ngoma ya wanawake wa Kigogo: mama anaibana ngoma katikati ya mapaja, anaipiga kwa viganja, na mwanamume yeyote aliyepo kazi yake ni kukaa pembeni na kusifia. Mimi nimekulia Nzuguni. Kigogo changu kinaishia kwenye salamu ya “mbukwenyi”, na hata hiyo huwa naitoa mahali ambapo nilipaswa kuitikia. Ngoma za shangazi nilizichukulia kama unavyoichukulia mvua kwenye bati: makelele ya nyumbani, unayalalia.

Basi Pasaka tulikwenda huko ukoo mzima, na baada ya kula nikajikuta nimezungukwa na akina mama wa kikundi wakipigana picha kwa simu. Nami nilikuwa na wiki mbili tu tangu nipate kamera. Mtu mwenye kamera ya wiki mbili ni hatari kuliko mlevi. Nikawakalisha chini nikawahubiria. Nikawaambia picha ya simu ni picha ya kusogezea siku. Nikawaambia hata ile “kacha” ya simu ni sauti iliyorekodiwa tu, kama mtu anayekohoa mlangoni ili ajulikane yupo, ndani hakuna kitu kinachofunguka wala kufunga. Picha ya kweli, nikasema, inataka kamera ya kweli na mtu anayeijua. Kisha nikajinyooshea kidole kifuani. Akina mama wakaguna kwa heshima. Shangazi akanitazama kama mtu aliyegundua kwamba mbuzi wake anaweza kusoma.

Hiyo kamera niliipata kwa kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, aliyekuwa akipiga picha za harusi huko Nkuhungu mpaka akachoka kugombezwa na mabibi harusi. Tulibadilishana. Yeye alichukua baiskeli yangu yenye gia, mimi nikachukua kamera yenye lenzi moja na mkanda uliokatika. Wakati ananikabidhi alinishika bega akaniambia kwa sauti ya chini, “Hii usiikimbize. Piga polepole.” Nikadhani ananirithisha hekima ya sanaa. Nilirudi nyumbani kwa miguu, maana baiskeli sikuwa nayo tena, nikilirudia lile neno njia nzima: piga polepole. Kumbe jamaa alikuwa anaripoti ubovu.

Ubovu wenyewe ulikuwa kwenye shata. Ndani ya kamera kuna kipazia cha vipande vyembamba vya chuma, na hicho ndicho shata. Ukibonyeza kitufe kinafunguka, mwanga unaingia, kinafunga, na ile “kacha” unayoisikia ni chenyewe kiko kazini. Kikifunguka na kufunga upesi, hata kuku anayekimbizwa anatulia kwenye picha kama kachorwa. Kikichelewa kufunga, kila kilichotikisika kinaacha moshi. Sasa shata yangu ilikuwa imekula harusi nyingi na vumbi la Dodoma juu yake. Ukiiomba moja ya sitini ya sekunde, inaitika. Ukiiomba wepesi zaidi ya huo, upande mmoja wa kipazia unaukimbilia mwingine na kuukanyaga, na picha inatoka na giza. Mara giza linakula robo, mara linakula yote. Nilipomrudia kaka kumlalamikia aliniambia shata ni kama tairi, inaisha, na kwamba baiskeli yangu inakwenda vizuri sana.

Nikaamua kuishi nayo hivyo hivyo. Nikawa napiga picha za vitu vilivyotulia: milima, mizabibu, mwalimu wetu wa historia akisahihisha madaftari. Kwa vitu hivyo moja ya sitini inatosha na kubaki.

Mwezi wa sita, likizo imeanza na ule upepo wetu wa baridi umeanza kuchuna watu midomo, shangazi akapiga simu. Kikundi kimepata fomu ya kuomba kwenda kupiga kwenye tamasha kubwa la ngoma huko Dar es Salaam. Mwaka uliotangulia waliomba, wakapeleka picha ambayo wamesimama mstari mmoja, ngoma ziko miguuni, kama watu wanaouza ngoma. Hawakuitwa. Safari hii fomu yenyewe ilisema wazi: kikundi kionekane kikiwa kazini, mikono na ala zionekane. Katibu wao, mama mmoja mrefu asiyecheka ovyo, alishapanga kumleta mpiga picha kutoka mjini. Shangazi akamzuia mbele ya wote. Akasema mtoto wa kaka yake ni mpiga picha wa kweli, wao wenyewe walimsikia Pasaka. Fomu inatakiwa ofisini kwa afisa utamaduni Jumatatu asubuhi. Nije Jumapili, watatoka kanisani na kujipanga.

Muungwana angesema pale pale kwamba shata ni mbovu. Mimi nikasema, “Hamna shida, shangazi.”

Jumapili mchana wakajipanga uani kwa shangazi, kumi na wawili, vitenge vya kufanana, shanga shingoni, njuga miguuni. Pembeni alikaa bibi, mama yake shangazi, kwenye kigoda karibu na moto. Bibi ndiye aliyekiongoza kikundi hicho kabla nyonga hazijamkatalia. Siku hizi kazi yake ni kuzipasha ngoma, maana ngozi ikipoa inalegea na sauti inakuwa ya ndoo. Mimi nimerithi jina la marehemu babu. Kwa sababu hiyo shangazi ananiita baba, na bibi ananiita mume wangu, na kunisimanga ananisimanga kwa haki zote za ndoa. Nilipomwamkia shikamoo aliitikia marahaba, kisha akauliza kwa nini mume wake amekuja na mkoba mdogo kuliko wa mwanamke.

Ngoma zikalia. Nikakubali moyoni kwamba si makelele, ila sikumwambia mtu. Nikainua kamera.

Kimya.

Nilidhani nimekuwa kiziwi. Nikashusha kamera, nikawaona wote kumi na wawili wameganda, viganja hewani juu ya ngoma, nyuso zimekaza kama wanasomewa hukumu. Nikawaambia waendelee. Wakaendelea. Nikainua kamera, wakaganda. Shangazi akanieleza, bila kusogeza midomo ili asiharibu pozi, kwamba walipokuwa wasichana alikuwa akija mpiga picha na baiskeli, akihesabu moja, mbili, tatu, na aliyetikisika aliharibu picha ya wote na kusemwa mpaka mavuno. Kwa hiyo mtu akiona kamera anatulia. Ndiyo adabu. Walikuwa wananifanyia hisani.

Nikapiga moja hivyo hivyo, ili waone. Katibu aliinamia kioo cha kamera akaitazama.

“Hapa tumekamatwa na nani?” akauliza.

Na kweli, ilikuwa picha ya watu walioambiwa mikono juu.

Nikaanza ujanja. Nikajificha nyuma ya ghala na kuchungulia. Wakageuka wote kunitafuta, ngoma zikasimama. Nikawaambia sasa sipigi, nasafisha lenzi tu, nikapiga kwa siri nikiwa nimeishika kamera kiunoni. Shata ikalia “kacha”, na kwa sauti hiyo tu wakaganda, tena baada ya picha kupita. Nikaifunga kamera kwenye sweta langu la shule ili mlio usisikike. Bibi akauliza kama mtoto niliyemfunika ana homa. Muda huo ngozi zikapoa, kila mmoja akapeleka ngoma yake kwenye moto, tukakaa robo saa tukizisubiri kama mahindi ya kuchoma.

Mwishowe shangazi akachoka kuliko mimi. Akawatangazia wenzake kwamba atakayesimama tena kabla yeye hajasimama, jina lake linakatwa kwenye fomu. Hapo adabu ya mpiga picha wa baiskeli ikaisha. Wakapiga. Wakapiga mpaka kuku wakahama. Nami nikapiga picha kama ishirini, jasho linanitoka kwenye baridi ile, nikaamini kazi imekwisha.

Nikafungua kuzitazama. Akina mama walikuwepo. Vitenge vilikuwepo, ngoma zilikuwepo, hata tundu la sweta la mmoja wao lilikuwepo. Lakini kuanzia kwenye kiwiko kwenda mbele hakuna mtu. Moshi mtupu. Kumi na wawili wamebana ngoma zao na ngoma zinajipiga zenyewe.

Wakanizunguka. Picha ikapita toka jicho hadi jicho. Katibu ndiye aliyesema, taratibu, kama anayesoma ajenda. “Fomu inataka mikono. Mikono yetu umeipeleka wapi?”

Nikasema kuna marekebisho madogo. Nikaisogeza shata iende haraka, ingawa nilijua, maana kujua na kutumaini kwangu havijawahi kupatana. Picha ya kwanza ikatoka nusu giza: magoti na ngoma, na juu yake usiku. Nikarudi nyuma hatua kumi ili niwabane kwenye ile nusu nzima, giza likanifuata. Nikaigeuza kamera miguu juu, giza likahamia upande wa ngoma, zikabaki nyuso zimening’inia hewani kama vibuyu. Bibi alipoona ile akasema mume wake ameleta mashine ya kupigia picha marehemu.

Basi hali ikawa hivi: nikiipeleka shata polepole, nina watu wasio na mikono. Nikiikimbiza, nina mikono isiyo na watu. Taa ya kamera ilikufa kabla haijafika kwangu. Nikajikohoza, nikapendekeza kwa unyenyekevu kwamba labda, kwa leo tu, tungetumia simu ya katibu.

Katibu hakuinua hata sauti. “Picha ya simu ni picha ya kusogezea siku,” akasema. “Sivyo ulivyotufundisha? Ndani hakuna kinachofunguka.” Wenzake wakaitikia. Walikuwa wamehifadhi mahubiri yangu neno kwa neno. Walimu wangu wangeona wivu, maana wao nimewasikiliza miaka mitatu na sijahifadhi hata nusu.

Kisha katibu akamgeukia shangazi, na hapo mambo yakaacha kuchekesha. Alimwambia kwa adabu kabisa kwamba mpiga picha wa mjini angeshamaliza na kuondoka, na kwamba kama fomu itakwenda na picha mbovu kwa mwaka wa pili, basi kikundi kitabidi kikae na kuzungumza nani anastahili kukisemea. Shangazi alivua njuga mguu mmoja, akazivaa tena. Sijui kwa nini kitu hicho kidogo ndicho kilichoniuma.

Akanivuta nyuma ya nyumba, kwenye kivuli cha tangi la maji.

“Baba, niambie hapa hapa. Unaweza au huwezi?”

“Kamera ndiyo haiwezi, shangazi. Shata yake imechoka.”

“Wenzangu sikuwaambia nina kamera,” akasema. “Niliwaambia nina mtoto.”

Akarudi uani. Nikabaki na tangi. Nilitamani sana awe amenitukana, kwa sababu matusi nina majibu yake.

Nilipotoka nilikwenda kukaa chini kando ya bibi, kwenye moto, kama mtu aliyekosa hata pa kuegemea. Bibi akauliza ugonjwa ni nini hasa. Nikamweleza kwa hasira, sikumbuki kama nilikuwa na adabu: kwamba ndani mna mlango, mlango unatakiwa ufunge upesi, wenyewe unafunga kwa kujivuta kama mlango wa choo chake yeye, na mkono wa mpigaji hausubiri. Ninachohitaji ni mkono uliosimama, na mkono wa ngoma hausimami.

“Unasimama,” akasema bibi.

“Bibi, nimewatazama tangu mchana.”

“Umetazama, hujasikiliza. Mkono ukipanda, lazima usimame ndipo ushuke. Hata jongoo akitaka kugeuka anasimama. Wewe unabonyeza ukisikia mlio. Ukisikia mlio, mkono umeshashuka, umeshaondoka, wewe unamkimbilia mgeni aliyekwisha kuvuka mto.”

Nikamwambia sawa, sasa nitajuaje kwamba umefika juu, nisiposubiri kuusikia. Akaniamuru nigeuke nimpe mgongo. Nikageuka. Akaanza kunipiga.

Simaanishi kunichapa, ingawa alivyokuwa na nguvu tofauti ni ndogo. Alinipigia muheme mgongoni, viganja viwili, kulia na kushoto, ule mpigo wa kati wanaoupiga wale kumi na mmoja wanaomfuata kiongozi. Akasema nibonyeze kidole hewani kwenye kimya, si kwenye mlio. Nikabonyeza kwenye mlio. Akaniambia nina masikio ya trekta. Tukaanza upya. Nilitazama kama kuna mtu wa shule yangu karibu, kwa sababu mvulana wa kidato cha tatu kupigiwa ngoma ya wanawake mgongoni na nyanyake ni habari ambayo ingefika Nzuguni kabla yangu. Akina mama walikuwa wanacheka waziwazi. Mmoja akasema bibi harusi anafundwa.

Ilichukua ngozi kupashwa mara mbili. Cha ajabu ni kwamba kimya kile kilikuwepo wakati wote. Ni kidogo, kama nafasi kati ya meno, lakini kila mara kinarudi mahali pake, na ukishakijua unaanza kukisikia kikija. Tena nikagundua lazima nibonyeze kabla hakijafika, kwa kuwa kidole changu kina uzembe wake na shata ina wake, na sisi wawili tunatakiwa tufike kwa pamoja. Bibi alifurahi nilipopata mara tatu mfululizo. Alisema mume wake wa kwanza hakuwahi kufika hapo.

Jua lilikuwa linaelekea kuegemea vilima. Wakajipanga tena, shangazi katikati. Bibi akasimama nyuma yangu, mkono mmoja kwenye fimbo, mwingine mgongoni kwangu. Ngoma zikaanza. Nikaweka jicho kwenye kamera, nikaacha kutazama, nikasubiri mgongo uniambie.

Kacha.

Nikatazama kioo. Mikono. Viganja vimefunguka hewani, vidole unavihesabu, pete ya ndoa ya katibu inang’aa. Sikupiga kelele. Nilimpa katibu aone. Alitazama muda mrefu, akasema, “Huu wangu,” basi. Kwa mama yule hiyo ilikuwa sherehe.

Ila shangazi alipoichukua kamera aliangalia katikati tu. Pale alipo yeye, uso ni wake, kicheko cha upande kiko pale, ngoma iko pale. Mikono hakuna. Moshi.

Kumi na mmoja wana mikono. Kiongozi hana.

Nilichoka hapo jamani, mpaka nikakaa chini kwenye vumbi. Nikapiga nyingine, na nyingine, zote vilevile. Wenzake wakiwa juu, yeye yuko njiani. Nikajaribu kumfuata yeye. Nikimpata yeye juu, wale kumi na mmoja wametoweka wote kwa pamoja. Bibi akanieleza kama mtu anayemweleza mjinga kwamba maji yanalowesha. Mkono wa kiongozi haupandi na wenzake. Unapita kwenye vile vimya vyao. Ukipanda nao, huyo si kiongozi tena, ni mama wa kumi na mbili.

Nikapata wazo, na ningekuwa na akili ningelinyamazia. Nikamwomba shangazi, kwa picha moja tu, asiongoze. Apige kama wenzake. Nani atajua? Picha haina sauti.

Shangazi akakubali kwa shingo upande. Wakaanza. Mipigo minne ya kwanza ilikwenda. Wa tano katibu akamtazama shangazi kusubiri aingie, shangazi hakuingia, katibu akasita, jirani yake akamgonga katibu kiwiko, upande wa kushoto ukakimbia, upande wa kulia ukasubiri, na muheme wote ukaanguka chini kama gunia la viazi lililofunguka kamba. Bibi akacheka mpaka akahitaji fimbo mbili, na fimbo alikuwa nayo moja. Wote wakacheka. Shangazi naye.

Mwanga ulikuwa umebaki wa kukopa. Wakaanza kukusanya ngoma. Shangazi akanitaka kamera, nikamwonyesha tena ile picha nzuri kuliko zote, ile ya pete. Nikajiandaa kuomba radhi, na nilikuwa nimeshaipanga, ndefu, yenye lawama nyingi kwa kaka yangu. Hakunipa nafasi.

“Nenda kaisafishe hii,” akasema. Kutoa picha bado anakuita kusafisha, kama enzi za filamu. “Tukutane kesho ofisini.”

Asubuhi nikaitoa kwenye steshenari moja mjini, karatasi kubwa ya kung’aa. Kijana wa pale akaniambia kwamba mama wa katikati ametikisika, kama ningependa angeweza kumbandikia mikono ya mtu mwingine kwenye kompyuta. Nilifikiria. Sitadanganya, nilifikiria kwa muda mrefu kuliko inavyofaa. Kisha nikaona jinsi shangazi atakavyoitazama mikono isiyo yake, nikasema hapana.

Afisa utamaduni alikuwa baba mmoja mpole mwenye sweta la kijivu na meza iliyojaa mafaili hadi pembeni. Shangazi alikaa mbele yake na fomu, mimi nikasimama mlangoni na kamera yangu. Afisa akasoma, akageuza, akafika kwenye picha. Akaisogeza karibu na dirisha.

“Picha nzuri,” akasema. “Lakini mama, huyu wa katikati ni nani?”

“Ni mimi.”

“Mbona huna mikono? Fomu inasema mikono ionekane. Hawa wote wanaonekana, wewe ndiye kiongozi huonekani. Wataniuliza.”

Shangazi akashusha mkoba sakafuni. Akamwomba radhi kwanza, kisha akamwomba meza kidogo. Akasogeza faili mbili, akajivuta mpaka ukingo wa kiti, akaweka viganja kwenye mbao, akaanza kupiga.

Nimesema muheme nilikuwa nauona kama mvua kwenye bati. Ndani ya chumba kidogo, juu ya meza ya serikali, ulikuwa kitu kingine. Kalamu zikaanza kutembea. Muhuri ukaanguka ubavu ukazunguka. Kifuniko cha kikombe cha chai kikawa kinalia peke yake, na watu wa ofisi ya pili wakachungulia nyuma yangu. Afisa alikuwa ameinama, macho kwenye mikono ya shangazi, na shingo yake ilianza kwenda bila ruhusa yake. Shangazi aliacha kupiga ghafla, kwenye kimya, mikono juu.

“Umehesabu vidole vingapi?” akamuuliza.

“Sijaviona, mama.”

“Na yeye mtoto hakuviona. Hao wenzangu wanaonekana kwa sababu walikuwa wamesimama. Mimi nilikuwa napiga.”

Afisa akautafuta muhuri chini ya meza, akaupata, akagonga fomu. Picha akaibana juu yake kwa mkono wake mwenyewe.

Sasa nimalizie la kwangu. Wakati shangazi anapiga meza ile, niliinua kamera. Mgongo ulikuwa bado unauma kwa viganja vya bibi, na uliniambia kila kitu: kimya kinakuja lini, kidole kitangulie kiasi gani, na kwamba kwa shangazi natakiwa kusubiri kile kimya kingine kilicho ndani ya kimya. Nilikiona kikija. Nikabonyeza mahali penyewe kabisa, sina shaka mpaka kesho. Shata ikasema “ka”.

Haikumalizia. Ilijifunga na haikufunguka tena, siku ile wala baada yake. Kaka yangu aliichungulia akaniambia tairi limeisha, huku amekaa juu ya baiskeli yangu.

Kikundi kiliitwa. Mimi sikuitwa.

Tulipokuwa tunashuka ngazi za ofisi siku ile, shangazi aliniuliza kama niliipata ile ya mezani, maana aliisikia inalia. Nikamwambia nimeipata, shangazi, mikono yote miwili. Mpaka leo anaiulizia. Namjibu kwamba bado naisafisha.